Pole kwa Asiyekuwepo

Sogeeni karibu, maana sauti yangu imekwisha, na nikichoka sirudii. Nchi yenyewe sitaitaja. Wanaoijua wataitambua kwa harufu, na wasioijua waendelee na raha zao.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Waziri, Mheshimiwa Daktari Nikodemu Tukufu, mtu wa tai pana na hotuba ndefu. Alialikwa mkutano ng'ambo, akala, akanywa, akasinzia kidogo wenzake wakisoma taarifa zao, mpaka mama mmoja mwenye miwani akamwuliza: kwenu, wanaume wanaopendana na wanaume, na wanawake wanaopendana na wanawake, mnaishi nao vipi? Mheshimiwa alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Kwetu hawapo," akaketi.

Kumbe kuna mwandishi wa habari aliyekuwa hajasinzia. Mheshimiwa kufika nyumbani, uwanja wa ndege umejaa matarumbeta, mabango yameandikwa KWETU HAWAPO, na Rais mwenyewe amekuja kumkumbatia. Sasa ufanyeje? Neno limeshatoka, limeshashangiliwa. Ikabidi liwe kweli.

Wakuu wakakaa kikao. Tuwafunge? Mwanasheria wa serikali akakataa: jela hufungwa mtu aliyepo, na kumfunga ni kukiri. Tuwafukuze? Nani afukuzwe, na hawapo? Ndipo ikaundwa Wizara ya Macho ya Umma, na ikapitishwa sheria fupi. Mtu wa namna hiyo, akishajulikana tu, hayupo. Hakamatwi, hapigwi, hatukanwi, maana hata kumtukana ni kumtambua. Haonwi, hasikiwi, na juu ya yote hasalimiwi. Kumsalimia kuliitwa kosa la kusalimia hewa, na aliyepatikana nalo, naye akawa hayupo.

Jamani, hapo kwenye salamu ndipo walipojitafutia balaa. Hao ni watu ambao mtu akikimbizwa na mbwa husimama kwanza aulize kama wa nyumbani hawajambo. Lakini nani angemwambia Mheshimiwa?

*

Sasa njooni mtaani, kwa Tunu.

Tunu alikuwa fundi redio, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, mwenye bisibisi sikioni pale ambapo wengine huweka kalamu. Alikaa nyumba moja na Sikudhani, mpishi wa shughuli. Ukioa, pilau ni ya Siku. Ukifiwa, ni ya Siku. Hapakuwa na mtu mtaani ambaye hajawahi kuonja mkono wake. Wawili hao waliishi pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi, kitanda kimoja, ugomvi mmoja wa kila siku kuhusu chumvi, na mtaa mzima ulijua. Walijua kama nyie mnavyojua ya majirani zenu, kwa kutazama kamba ya nguo na kunyamaza. Wakiulizwa na mgeni walisema, "Ni mtu na ndugu yake hao," kisha wanatazama pembeni. Ndivyo walivyoishi, na msijifanye mnashangaa.

Ilipotoka ile sheria, Mjumbe wa mtaa, Bwana Kisaka, alipewa kofia mpya yenye nembo ya jicho. Akapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anakaa na nani. Alimkuta Siku uani anakaanga vitunguu vya harusi ya watu, moshi machoni, mgongo unamuuma.

"Dada Siku, huyu Tunu ni nani yako?"

Miaka yote hiyo Siku alijibu "ndugu". Lakini siku ile alikuwa amechoka. Mnajua uchovu ule wa mtu kubeba neno moja la uongo mpaka bega likafanya sugu? Akageuza mwiko, akasema, "Ni wangu, Mjumbe. Usingoje jibu lingine, vitunguu vinaungua."

Kisaka angeweza kutosikia. Moshi ulikuwepo, kelele zilikuwepo, na pilau ya Siku ilikuwa imeshamlisha katika matanga ya mama yake mzazi. Lakini kofia ilikuwa mpya. Akasikia. Alasiri hiyohiyo Tunu na Sikudhani wakawa hawapo.

*

Mwanzoni, niseme ukweli, walicheka. Tunu alikwenda bombani akakuta wanawake wamepanga ndoo, hakuna anayemtazama. Akaweka yake. Kisha Mama Sela, muuza nyanya, mwanamke ambaye kunyamaza kunamletea homa, akainama mpaka kwenye ndoo ya Tunu.

"We ndoo, hujambo? Umeamkaje? Na ndoo mwenzio, kile kifua chake?"

Tunu akatazama huku na huku. "Ndoo haijambo," akasema. "Mwenzake bado anakohoa kidogo."

"Mwambie anywe maji ya tangawizi."

Basi mtaa mzima ukaiga. Wenye redio mbovu wakawa wanazibwaga mlangoni kwa Tunu huku wakizisimulia: "Wewe redio umeanza kukwaruza tangu juzi, nakuacha hapa, ukipona nitakufuata." Wakasalimia milango, mikeka na kuku. Kuku wa Tunu aliulizwa habari za nyumbani mpaka akawa na maringo.

Siku naye akaendelea kupika. Kwenye harusi ya mpwa wake Waziri, Mheshimiwa alirudia sahani mpaka akalegeza mkanda, kisha akauliza kwa sauti ya mgeni rasmi, "Nani kapika?"

Watu wakatazamana. "Sufuria, Mheshimiwa," akajibu Mama Sela.

"Sufuria hii ni mfano wa kuigwa!" akanguruma. "Haidai, hailalamiki, haina itikadi za kigeni! Ningekuwa na raia kama sufuria hii, nchi ingekuwa mbali!" Akaamuru itunukiwe nishani. Wakaifunga kweli, mkiani mwa utepe wa rangi za taifa, kwenye mkono wa sufuria. Siku alikuwa amesimama pale pale na mwiko wake, jasho linamtiririka, na Mheshimiwa akampita kando kwenda kuupongeza mfuniko.

Usiku ule walicheka mpaka Siku akapaliwa na kikohozi. Tunu anasema ndicho kicheko chao cha mwisho cha namna ile, na mimi namwamini.

*

Maana umbea una miguu. Mheshimiwa akaambiwa sufuria ilisaidiwa na nani. Akatoa hotuba redioni, ndefu kama kiangazi, na Tunu akaisikiliza kupitia redio aliyokuwa anaitengeneza, akatamani aiache ikiwa mbovu.

"Ndugu wananchi! Imebainika kuwa maadui wa maadili wamejificha ndani ya vyombo! Kuanzia leo ni marufuku kusalimia ndoo, sufuria, milango, samani na jamii yote ya kuku! Atakayetaka kusalimia, asalimie mtu aliyepo, ana kwa ana, kwa kiasi!"

Kila mtaa ukaletewa Mkaguzi wa Salamu. Wa mtaa huu aliitwa Bwana Habili, mtu mzima wa viatu vilivyolalia upande, aliyelelewa na mama aliyemchapa kila alipompita mtu bila kumwamkia. Nadhani serikali ilimchagua kwa kutomfahamu. Asubuhi ya kwanza alitumwa kwenda kuhakikisha kuwa Tunu na Siku hawapo nyumbani kwao. Akafika mlangoni, akakohoa, akafanya alichokifanya maisha yake yote.

"Hodi!"

"Karibu," akajibu Tunu kutoka ndani.

Habili akasimama kama aliyekanyaga mwiba. Akavua kofia yake ya jicho, akaivaa, akaivua tena. Tunu akatokeza, bisibisi sikioni. Wakatazamana vizuri tu, wanadamu wawili.

"Mama," Habili akanong'ona akitazama ukuta, "nakuomba uirudishe ile karibu yako. Nina watoto."

"Na wewe irudishe hodi yako."

"Nitairudishaje, na imeshatoka?"

"Hata yangu imeshatoka." Tunu akamtazama vile viatu, zile soksi zilizotoboka. "Haya, baba. Pole na kazi."

"Nimeshapoa," akajibu Habili papo hapo, kisha akajishika mdomo kwa mikono miwili.

Siku, aliyekuwa amelala ndani, akacheka kwa kikohozi. "Mwache aende, Tunu, utamfukuzisha mtu kazi!" Habili akaenda zake, akaandika taarifa kuwa nyumba ni tupu na imefagiliwa vizuri. Lakini tangu siku hiyo kila alipopita pale alikuwa anauma midomo, na mkewe alianza kulalamika kuwa hata yeye hasalimiwi.

*

Kifua cha Siku hakikupona. Mama Sela hakuthubutu tena kuiuliza ndoo, alikuwa anaweka tangawizi chini karibu na bomba na kuondoka haraka. Tunu akamfunga mwenzake kanga mbili, akamkodia bajaji, dereva akajifanya amebeba mzigo wa nguo, wakafika hospitali ya serikali.

Huko kulikuwa na nesi mmoja mwenye moyo. Kabla ya ile kanuni ya vyombo alikuwa anawatibu watu wa namna yao kwa ujanja: anaandika kuwa kitanda kina homa, kitanda kipewe dripu, na kitanda kinapata nafuu kinakwenda nyumbani. Sasa kitanda ni samani. Nesi alisimama na dripu mkononi, akamtazama Siku, akautazama mlango ambako Mkaguzi wa hospitali alikuwa amekaa na chai yake. Akalia. Akaiweka dripu dirishani, karibu na mkono wa Tunu, akaondoka. Lakini Tunu ni fundi redio. Waya anaujua, mshipa haujui. Alijaribu, Mungu anajua alijaribu.

"Tunu," akasema Siku alasiri moja, sauti imebaki kidogo, "mimi nikitangulia, pole atakupa nani?"

"Wataipa ndoo."

"Ndoo imekatazwa."

"Basi kuku."

"Hata kuku." Siku akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Mimi nimepika misiba yote ya mtaa ule. Nimeona. Mjane asipoambiwa pole anabaki amesimama tu, hajui akae wapi. Nakuogopea hilo kuliko kifo chenyewe, wallahi."

Alikufa kabla ya jua kuzama. Na hapo ndipo alipopata matatizo na serikali.

Tunu alikwenda kuomba kibali cha kuzika. Karani, akitazama kalamu yake, akamweleza Kisaka aliyesimama kando kuwa asiyekuwepo hafi, na asiyekufa hazikwi, na sheria ni msumeno. Jambo likapanda ngazi kwa ngazi, na Siku amelala kwenye barafu, mpaka likafika mezani kwa Mheshimiwa mwenyewe. Naye akalitafakari sana, akanywa chai, akatoa uamuzi uliosifiwa na magazeti yote: maiti hampendi mtu. Kwa hiyo si wa namna ile. Kwa hiyo yupo!

Sikudhani akarudishiwa jina lake, uraia wake na heshima zote. Wizara ikatafuta ndugu wa damu, ikampata kaka yake, Mfaume, aliyekuwa mkoani na hakuwa amemjulia hali dada yake tangu walipokorofishana juu ya huyohuyo Tunu. Wakamtumia nauli, akaja kumzika. Matanga yakapangwa palepale nyumbani, mgeni rasmi Mheshimiwa Daktari Tukufu.

Tunu hakuwa tena na nguvu ya kukasirika. Hakutaka kiti, hakutaka nyumba, hakutaka hata kutajwa. Alitaka kitu kimoja. Alitaka mtu mmoja, yeyote yule, amtazame usoni amwambie pole.

*

Turubai la Wizara lilifungwa mpaka likagusa paa. Kulikuwa na viti vya plastiki na spika mbili zinazopiga mluzi. Mfaume alikaa mbele, kwenye kiti cha Tunu cha kutengenezea redio, na watu wakapanga mstari kumpa mkono wa pole. Alilia vizuri sana. Kati ya kilio na kilio aliwauliza majirani kama nyumba ina hati.

Nyuma, jikoni, wanawake walikuwa wanapigana na wali. Hakuna aliyejua maji yanaingia kiasi gani kwenye ile sufuria kubwa, maana siku zote alikuwa akijua Siku. Wali ukaungua. Harufu ya kuungua ikaenea turubai zima, na hapo watu, waliokuwa wamekaa na nyuso za kistaarabu, wakaanza kulia kwelikweli. Nishani bado ilikuwa inaning'inia kwenye mkono wa sufuria, nyeusi kwa moshi.

Tunu alikaa juu ya mkeka wa zamani karibu na mafiga, kanga imefunika kichwa. Wanawake waliopita na sinia walimruka miguu. Mmoja, katika kumruka, aliacha upindo wa kanga yake umguse bega kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Ndicho alichoweza. Tunu hakumjua ni nani, hakuthubutu kuinua uso, asije akamponza.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Ndugu wafiwa! Marehemu Sikudhani alikuwa binti wa taifa hili, na tangu juzi, kwa mamlaka niliyopewa, yupo! Tazameni huruma ya serikali yenu! Serikali hii haimwachi mtu nyuma, mradi mtu huyo awe ametangulia!" Wapambe wakapiga makofi. "Wasiotutakia mema wanasema sisi tunawaonea watu. Watu gani? Waonyesheni!" Akachukua glasi ya maji ili swali liwaingie.

Habili alikuwa amesimama kwenye kona ya turubai, kofia ya jicho kichwani, anahesabiwa kuwa kazini. Kutoka pale alimwona Tunu vizuri. Alikuwa anamwona tangu asubuhi. Taya lilimuuma kwa kulikaza. Tusimfanye shujaa, yeye mwenyewe hapendi. Anasema alikuwa amechoka tu, amechoka mpaka kwenye mifupa, hajalala vizuri tangu ile hodi.

Akavua kofia akaiweka kwenye kiti. Akapita katikati ya watu, akafika ukingoni mwa mkeka, akavua vile viatu vyake vilivyolalia upande. Akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama," akasema, "pole. Pole sana kwa msiba."

Mheshimiwa alikuwa bado anakunywa maji, kwa hiyo ilisikika mpaka barabarani.

Tunu alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, alilirudia peke yake siku zote zile, lakini halikutoka. Akaishika ile mikono tu, akaishika kwa nguvu.

"Mheshimiwa!" Kisaka akaruka. "Amesalimia hewa!"

"Nani?"

"Mkaguzi, Mheshimiwa!"

"Basi naye hayupo tangu sasa. Mkaguzi aandike!"

"Mkaguzi ndiye hayupo, Mheshimiwa."

"Aandike mwingine!"

"Kisheria anayeandika ni Mkaguzi."

Mheshimiwa akapekua makaratasi yake, hayakumsaidia. "Wewe ndiye shahidi," akasema. "Toa ushahidi. Umeona nini?"

"Nimemwona kwa macho yangu, Mheshimiwa, amempigia magoti Tunu, aliyekaa pale pale kwenye mkeka, kajifunika kanga ya..."

Akakoma. Watu wote walikuwa wanamtazama, kisha, mmoja mmoja, wakaanza kujitahidi kutomtazama. Kisaka akajua amesema nini. Akaivua ile kofia mpya, akawa hajui aiweke wapi.

Kule jikoni Mama Sela akatupa mwiko. "Mimi nimezeeka," akasema, "miguu inaniuma kwa kumruka mtu." Akaja akajitupa mkekani, akamkumbatia Tunu, akaangua kilio kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu siku ile ya ndoo. "Da Tunu! Pole, mama weee! Siku wetu!" Akaja pia yule wa upindo wa kanga. Akaja pia dereva wa bajaji.

Nisiwadanganye, hawakuja wote. Wengi walibaki vitini, wanatazama mikono yao. Mfaume aliendelea kupokea pole za upande ule. Mheshimiwa alimalizia hotuba yake kwa kasi, akapanda gari, na kesho yake redio ikatangaza kuwa matanga yalihudhuriwa na watu wachache kuliko ilivyotarajiwa. Hata sheria ile bado ipo, mkitaka kuiangalia.

Lakini hilo ni la kesho yake. Pale mkekani Habili bado alikuwa amepiga magoti, mikono yake ndani ya mikono ya Tunu, anangoja. Kwao pole haiachwi bila kujibiwa. Tunu akavuta pumzi, akainua uso.

"Nimeshapoa, baba," akasema.

Hakuwa amepoa hata kidogo. Ila ndivyo mfiwa anavyojibu.